Walionifundisha kupanga viti

Ukitaka kuwaona Watanzania wa London wakiwa mahali pamoja, subiri msiba. Mtu ambaye hamjaonana tangu mwaka juzi atatokea na sufuria la pilau, michango itazunguka kwenye simu usiku kucha, na mwili utasafirishwa hadi Kilimanjaro au Kigoma bila familia kukopa. Katika hilo hatuna mpinzani. Tukishamaliza, kila mtu anarudi kwenye zamu zake. Umoja wetu umezaliwa na kufa mara kadhaa tangu nifike huku: tunachagua viongozi, tunashona fulana za sherehe ya Uhuru, mwenyekiti anakorofishana na mweka hazina, basi, tunasubiri msiba mwingine.

Namna nyingine ya kukaa ugenini niliiona kwa Wapolandi, na niliiona nikiwa kwenye kubeba boksi. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani: kuogesha, kuvalisha, kupasha chakula, kuhesabu vidonge. Eneo langu ni magharibi mwa London, Ealing na jirani zake. Huko kuna maduka ya Wapolandi yenye soseji za kila aina, na kanisa lao la Windsor Road siku ya Jumapili hujaa hadi wengine wanasikiliza misa wakiwa wamesimama nje, baridi isibaridi.

Mmoja wa wazee wangu alikuwa bibi wa Kipolandi aliyekaribia miaka 80. Jina lake silitaji. Binti yake alinielekeza nimwite Pani, ndiyo heshima kwao, nami nitamwita hivyo hapa. Siku nilipoanza kazi kwake aliniuliza natoka wapi. Nikamjibu kama ninavyowajibu Waingereza: Tanzania. Hakuridhika. Tanzania sehemu gani? Arusha. Arusha ipi? Nikasema Usa River, nikiamini hapo maswali yatakoma.

“Basi wewe na mimi,” akasema, “tumeutazama Mlima Meru kutoka upande mmoja.”

Sisi tuliokulia huko tunayajua makaburi ya Wapolandi pale Tengeru, ndani ya eneo la chuo cha mifugo. Ni karibu 150, yamepangwa kwa mistari, na majina yake hatukuweza kuyatamka. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa ni ya wazungu walioletwa na vita. Zaidi ya hapo hakuna aliyetueleza, wala hatukuuliza. Ilibidi nije nimfunge mtu vifungo vya sweta huko Ealing ndipo nisimuliwe habari za kijiji cha jirani na kwetu.

Pani alizaliwa mashariki mwa Polandi ya zamani, sehemu ambayo leo ni Ukraine. Mwezi Februari 1940, usiku, wanajeshi wa Kisovieti waligonga mlango na kuipa familia muda mfupi wa kukusanya vitu. Wakapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo hadi misitu ya Siberia. Alikuwa na miaka mitano hivi. Mwaka uliofuata Ujerumani ilipoushambulia Umoja wa Kisovieti, Stalin alikubali kuwaachia Wapolandi, na Jenerali Władysław Anders akaanza kukusanya jeshi kutoka kwa watu waliokuwa mifupa mitupu. Mwaka 1942 jeshi hilo na raia walioweza kulifuata walivuka Bahari ya Kaspi hadi Iran. Wanaume wakaenda vitani. Wanawake na watoto wakagawanywa duniani: India, New Zealand, Mexico, na huku kwetu. Masindi na Koja kule Uganda, Ifunda, Kidugala na Kondoa kule Tanganyika. Kambi kubwa kuliko zote Afrika ikawa Tengeru, watu wapatao 5,000 kwenye vibanda vya duara vilivyoezekwa kwa majani.

Pani hakupenda kuisimulia Siberia. Ukimgusa hapo alinyamaza, au aliomba chai. Tengeru aliisimulia kutwa nzima. Nilichotegemea kusikia ni njaa na malaria, na malaria ilikuwepo, lakini yeye alianza na shule. Wanawake waliokuwa wamepoteza kila kitu, wengine wamezika watoto njiani, walianzisha madarasa kabla hawajajua watakaa muda gani. Vitabu havikutosha, hivyo walimu waliandika ubaoni mashairi waliyokuwa wameyahifadhi kichwani. Kwaya ikaanza, skauti, michezo ya kuigiza, darasa la cherehani. Mama yake alipanda maua mbele ya kibanda. Nikamwuliza, kwa nini maua na si mchicha? Akacheka, akasema mchicha ulikuwa nyuma.

Aliyakumbuka maneno machache ya Kiswahili, na akitaka kunifurahisha aliyatoa: lete maji, funga mlango, haraka, ngoja. Yote ni ya kuamrisha. Hayo ndiyo maneno ambayo mtoto wa kizungu aliyasikia katika Tanganyika ya Mwingereza, hata mtoto mkimbizi asiye na viatu. Sikumlaumu, lakini sikujifanya sijasikia. Siku moja nami nikamsimulia ya kwetu: kwamba mwaka 1951, kambi yao ikielekea kufungwa, serikali ileile ya Mwingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili ardhi wapewe walowezi, nyumba zikachomwa, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kulipeleka shauri Umoja wa Mataifa. Alinisikiliza bila kunikatiza. Halafu akauliza swali ambalo hakuna Mwingereza aliyewahi kuniuliza: “Mliandika majina ya waliofukuzwa?”

Sikuwa na jibu zuri.

Kwa Pani, kuandika majina ndiyo kazi yenyewe. Vita ilipoisha kijiji chao kilikuwa kimeingizwa ndani ya mipaka ya Umoja wa Kisovieti na Polandi ilikuwa chini ya wakomunisti. Hapakuwa na pa kurudi. Mwaka 1948 wakapanda meli Mombasa kuja Uingereza, wakapangiwa kambi ya zamani ya jeshi yenye mabanda ya bati ambayo, kwa maelezo yake, yalikuwa na baridi kuliko chochote alichokipata Arusha. Wenzake wengine walielekea Australia. Yatima wapatao 150 walivushwa hadi Canada mwaka 1949 na padri Mfransisko, Łucjan Królikowski, ambaye naye alikuwa amepitia Siberia kabla hajafika Tengeru. Serikali ya kikomunisti ya Warszawa ilidai kwamba watoto hao wametekwa nyara. Padri aliwalea kama baba mpaka wakaanza maisha yao, na alifariki Marekani mwaka 2019 akiwa na miaka 100. Pani aliposikia kifo chake alinitaka nimletee daftari lake, akaandika tarehe.

Daftari hilo nalikumbuka kuliko picha zote alizokuwa nazo ukutani. Siku za kazi alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, na Jumamosi, kwa miaka mingi, alikuwa mwalimu wa shule ya Kipolandi. Shule hizi za Jumamosi zimeenea Uingereza nzima, na chama kinachoziunganisha, Polska Macierz Szkolna, kilianzishwa mwaka 1953. Zinakodi madarasa ya shule za Kiingereza siku ambayo wenyewe hawayatumii. Watoto wanajifunza lugha, historia, jiografia, nyimbo, halafu wanarudi nyumbani wamenuna kwa sababu wenzao walikuwa wanacheza mpira. Mimi nilitarajia daftari la mwalimu liwe na mashairi. Lilikuwa na orodha: nani ana ufunguo wa geti, nani hajalipa ada, viti vingapi vimekodiwa, vingapi vimerudishwa, nani alete keki ya sherehe ya tarehe 3 Mei, nani amekwenda kumwona mwalimu aliyelazwa. Miaka na miaka ya viti na funguo.

“Kuimba wote wanajua,” aliniambia. “Nitafutie mtu wa kupanga viti.”

Mara kwa mara nilimsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi POSK, kituo chao cha utamaduni kilichopo King Street, Hammersmith. Ni jengo zito la zege, sura yake haina mvuto wowote, Mungu anisamehe. Ndani kuna ukumbi wa maonyesho, maktaba iliyoanza mwaka 1942 wakati mabomu bado yanatishia mji, mgahawa, na chini kabisa ukumbi wa jazi ambao Jumamosi usiku una vijana kuliko wazee. Aliyelisukuma wazo lake ni mhandisi, Profesa Roman Wajda. Michango ilitoka kwa watu wa viwandani, madereva, wafagiaji, wapishi, na miaka ya sabini milango ikafunguliwa. Jengo lao wenyewe. Sisi tunakodi ukumbi kwa saa nne na dakika kumi kabla ya muda tunazimiwa taa.

Huko niliwahi kukaa nyuma kwenye mkutano wa kikundi cha wazee, nikimsubiri Pani. Walibishana kuhusu ratiba ya ukumbi kwa muda mrefu sana. Sauti zilipanda, mzee mmoja akagonga meza kwa fimbo yake, bibi mwingine akachukua mkoba kama anayeondoka. Nikajiambia, haya, hawa nao leo wamevunjika. Katibu akasoma hoja, wakapiga kura kwa mikono, ikaandikwa kwenye muhtasari, ikaletwa chai na keki ya jibini, na waliogombana wakakaa meza moja wakiendelea kunung’unika. Nilipomsukuma Pani kuelekea kituo cha basi nikamwuliza kama yule mzee wa fimbo atarudi mwezi ujao. Akashangaa. “Ataenda wapi? Ni mwanachama tangu zamani.”

Ungedhani wanapendana sana. Hapana. Kati ya wazee wa vita na wale waliokuja baada ya Mei 2004, Polandi ilipoingia Umoja wa Ulaya, mapenzi hayakuwa mengi. Waliokuja walikuwa wengi mno: sensa ya 2011 ilihesabu karibu watu 580,000 waliozaliwa Polandi wanaoishi England na Wales. Wazee walisema sisi tulifukuzwa, hawa wamefuata pesa. Wageni walisema hawa mabibi wanaongea Kipolandi cha makumbusho na wanatutazama kama mafundi bomba. Pani mwenyewe alikuwa na ulimi mkali kuhusu “wale wa basi”, akimaanisha mabasi ya safari ndefu yaliyokuwa yakiwashusha kituo cha Victoria. Walimu walipoanza kuchoka na kufa, hao wa basi ndio walioshika madarasa. Baba mmoja anayepiga plasta majumbani siku zote za wiki ndiye aliyekuwa akifundisha watoto ngoma zao, mazur na krakowiak, Jumamosi mchana, viatu vikiwa bado na vumbi jeupe. Nilipomwambia Pani kwamba watoto wanacheza vizuri, alisema mkono wa kushoto bado. Kwake hiyo ilikuwa sifa.

Kila Januari hao hao wapya husimama milangoni mwa maduka na makopo ya kuchangisha, wakikubandika moyo mwekundu wa karatasi kifuani ukitoa hata senti. Ni ile harambee kubwa ya Jerzy Owsiak iliyoanza mwaka 1993, inayonunulia hospitali za Polandi vifaa. Wametoka kwao kutafuta riziki, na bado wanasimama kwenye baridi ili mtoto wa mtu wasiyemjua apate mashine huko. Niliutoa moyo wangu kwenye koti la kazini baada ya kufuliwa nalo.

Juni 2016, siku chache baada ya kura ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, mtu alipaka maneno ya matusi kwenye mlango wa POSK. Habari ilifika hadi bungeni. Nilipofika na Pani, maneno yalikuwa yameshafutwa na ukumbini kulikuwa na maua na kadi zilizoletwa na majirani, nyingi za Waingereza. Nilimwangalia Pani usoni nikitafuta hasira. Alisoma kadi kadhaa, akamwuliza mhudumu kama maua yamewekewa maji, kisha akataka tuwahi maktaba kabla haijafungwa kwa sababu alikuwa na kitabu kilichopitiliza muda.

Mwaka mmoja zamu yangu iliangukia tarehe 24 Desemba, usiku wao mkubwa kuliko Krismasi yenyewe. Binti yake alinikatalia kwenda nyumbani kabla ya kula. Hawaanzi mpaka nyota ya kwanza ionekane, na London yenye mawingu mjukuu alitumwa dirishani akatudanganya kwamba ameiona. Chini ya kitambaa cha meza kuna nyasi kavu. Vyakula ni 12, bila nyama: supu nyekundu ya kiazisukari yenye vitumbua vidogo vya uyoga ndani, samaki aina ya karp mwenye miiba ya kutosha kuvunja ndoa, na kutia, ngano iliyochemshwa na asali na mbegu za mpopi, ambayo kwa wengine haipo ila kwa familia za mashariki kama yake. Kwanza kila mmoja anashika kipande cha mkate mwembamba, anammegea mwenzake na kumtakia heri, mmoja mmoja, mpaka mmalize wote. Mimi Mlutheri wa Meru niliona hilo ni kama ushirika bila mchungaji, na nililipenda. Pani alinitakia niwaone wanangu mara nyingi zaidi.

Mezani huachwa nafasi moja na sahani yake kwa mgeni asiyetarajiwa. Nikaielekea. Pani akapiga meza: “Hapo si pako. Wewe tulikutarajia.” Kiti changu kililetwa kutoka chumbani kwake.

Watu waliomvutia Pani walikuwa na tabia moja, na nilichelewa kuitambua kwa sababu alikuwa akiwataja kama majirani. Jenerali Stanisław Maczek, ambaye kikosi chake cha vifaru kiliukomboa mji wa Breda kule Uholanzi mwaka 1944, baada ya vita alivuliwa uraia na wakomunisti na hakupewa pensheni na Waingereza. Akahudumu baa kwenye hoteli huko Edinburgh, akaishi hadi miaka 102. Ryszard Kaczorowski alihukumiwa kifo na Wasovieti akiwa kijana, adhabu ikabadilishwa kuwa kambi za kazi, akapigana, akaja London akawa mhasibu na kiongozi wa skauti. Serikali ya Polandi ya uhamishoni ilikuwa hapa London tangu 1940, na Waingereza waliacha kuitambua Julai 1945, lakini haikufunga ofisi. Miaka 45 waliendelea kuapishana, kuandika mihtasari na kutunza mihuri. Wengi waliwacheka. Kaczorowski alikuwa rais wao wa mwisho, na tarehe 22 Desemba 1990 alibeba alama za urais hadi Warszawa akamkabidhi Lech Wałęsa, aliyechaguliwa na wananchi. Alikufa kwenye ajali ya ndege ya Smolensk kule Urusi mwezi Aprili 2010. Pani alimfahamu toka enzi za skauti. Alichokisifu kwake hakikuwa urais. “Alikuwa anafika kabla ya muda,” alisema.

Pani amefariki. Walimzika kwa taratibu zao, na tarehe 1 Novemba, wanapojaza makaburi mishumaa ya vikombe vya rangi, mimi nami huenda na wangu ikiwa sipo zamu.

Baada ya msiba wake nilifanya kitu ambacho nisingeweza kukifanya kabla sijaliona lile daftari. Kwenye kikao chetu, watu wakijadili nani awe mwenyekiti, nikaomba kazi ya ufunguo. Walicheka, wakanipa. Nikatafuta chumba cha kukodi kila Jumamosi asubuhi, tarehe zilezile mwaka mzima, tulipie kabla hatujajua watoto wangapi watakuja. Nikaanzisha ada ndogo ambayo hata aliye fukara kati yetu anaweza kuilipa, na anayelipa anaandikwa. Majina ya waliolipa yanasomwa. Ya wasiolipa hayasomwi, na hilo peke yake limepunguza ugomvi. Nina daftari pia, la bei rahisi, limejaa viti.

Darasa la Kiswahili si kubwa. Kuna Jumamosi ambazo watoto wanatosha kwenye kochi moja. Kuna wazazi wanaosema mtoto atajifunza akienda likizo Tanga, na akienda likizo Tanga anakaa na simu. Sina maneno ya kuwashawishi. Nafungua mlango tu, na baadhi wanarudi.

Ugomvi wetu mkubwa umekuwa wa lugha. Baba mmoja wa Dar alitaka watoto wafundishwe Kiswahili sanifu pekee, mama wa Mombasa akauliza sanifu kimesanifiwa na nani, na familia za Kongo zikakaa kimya kwa namna iliyoonyesha kwamba hawatarudi. Niliwakumbuka mabibi wa Kipolandi na watu wa basi. Nikaomba tupige kura na tuandike muhtasari, jambo ambalo halikuwa desturi yetu. Tulikubaliana kamusi iwe moja ya kuandikia, na kila mwalimu aongee kama kwao. Darasa la wakubwa amepewa dada wa Bukavu, kwa sababu kati yetu sote ndiye pekee aliyesomea ualimu. Yule baba wa Dar alipinga hadi mwisho, akashindwa kwa kura tatu, na Jumamosi iliyofuata alimleta binti yake akiwa amechelewa nusu saa. Nilimpa viti apange.